Nina akiba ya milioni moja na laki mbili tu: niiweke kwenye tovuti au nibaki na Instagram?

"Habari za kazi. Mimi ni mama, nipo Mbeya mjini, nauza mchele wa Kyela na wa Mbarali na maharage kidogo. Nafunga kilo 5, 10 na 25, natuma Dar na Dodoma kwa basi. Instagram nina wafuasi 2,300 lakini wanaonunua kweli ni kama 30, tena wengi wamekuja kwa kuambiana. Kuna kijana kaniambia bila websaiti siwezi kukua, atanitengenezea kwa 1,200,000 halafu kila mwaka niwe namlipa 250,000. Binti yangu anasema nisipoteze hela, websaiti zimepitwa na wakati, watu wote wako Instagram na TikTok. Mwezi uliopita hoteli moja ya Dar waliniomba wasifu wa biashara na linki, nikawatumia Instagram yangu, kimya mpaka leo. Faida yangu ni kama shilingi 300 kwa kilo. Hela ninayo ila ndo akiba yote. Nifanye lipi? Jina la biashara bado sijaandikisha, natumia hilo la akaunti tu. Ndaga fijo."

Ndaga na wewe mama (ndo asante yetu ya Kinyakyusa), na nashukuru kwa kuandika kwa kirefu hivi, maana umenipa vitu vyote ambavyo huwa naanza kuviuliza. Nikikusoma vizuri naona una wasiwasi wa aina mbili umezichanganya. Wa kwanza ni akiba yako, unaogopa kuitoa ikapotea. Wa pili ni ile hoteli, unajiuliza walikaa kimya kwa sababu huna tovuti au kuna kingine. Nitajibu yote mawili, ila kabla sijaenda mbali: usimpe huyo kijana 1,200,000. Na binti yako naye yuko sahihi nusu, ile nusu nyingine ndo inayokukosesha hoteli.

Tuanze na hesabu maana wewe ni mfanyabiashara, hesabu unaielewa kuliko mimi. Kama faida yako ni shilingi 300 kwa kilo, kurudisha 1,200,000 lazima uuze kilo 4,000, yani gunia 40 za kilo mia mia, na hapo bado hujapata senti ya kwako, umerudisha tu ya fundi. Alafu ile 250,000 ya kila mwaka ni kilo 833 nyingine, kila mwaka, hata kama tovuti haijaleta mtu hata mmoja. Sasa jiulize, wateja wako 30 wanachukua kilo ngapi kwa mwezi? Kama wanachukua kilo 10 kila mmoja hiyo ni kilo 300 kwa mwezi, kwa hiyo unazungumzia faida ya zaidi ya mwaka mzima umempa mtu mmoja mara moja. Sisemi tovuti haina thamani, nimezitengeneza mwenyewe hapa Mbeya miaka kumi na moja sasa na zimenilea, lakini kitu kikiwa kizuri haina maana ni kizuri kwako, leo, kwa bei hiyo.

Sasa nikueleze vinavyofanya kazi, maana ukielewa hapa hata akija kijana mwingine na maneno mengine hutayumba.

Nenda Mwanjelwa asubuhi ukae dukani kwa mtu uangalie wanunuzi. Kuna mtu anapita zake anaenda kununua ndoo, anakuta mchele umemwagwa vizuri kwenye beseni, anasimama, anachukua punje kidogo anatafuna, anauliza bei. Huyo hakukutafuta, mmekutana. Halafu kuna mwingine ametoka nyumbani na jina kichwani, kaambiwa na shemeji yake "nenda kwa mama fulani, mchele wake hauna mawe", huyo anakuja anauliza njia mpaka anafika. Huyo wa pili hahitaji kuvutwa, anachotaka ni kukupata na kuhakikisha ni wewe kweli. Instagram, TikTok na Facebook ni za yule wa kwanza. Tovuti ni ya yule wa pili. Watu wanazishindanisha kama vile ni majembe mawili ya kulimia shamba moja wakati kazi zake ni mbali mbali kabisa.

Ukiangalia maelezo yako, wateja wako karibu wote ni wa aina ya pili. Umesema mwenyewe, wamekuja kwa kuambiana. Hicho ndo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye barua yako na umekiandika kama kitu kidogo.

Hao wafuasi 2,300 nao tuwaongelee. Watu wengi wanadhani ukiposti, wafuasi wote wanaona. Hapana. Mtu anapofungua Instagram, ile programu inachagua imwonyeshe nini kwanza, inaangalia amekuwa akigusa posti za nani, anakaa kwenye video gani muda mrefu, na wewe kama hajagusa posti yako miezi mitatu unasukumwa chini huko ambako hafiki. Story inakaa saa 24 inapotea. Posti haipotei lakini inazama, ya wiki iliyopita ni kama gazeti la wiki iliyopita. Na tena, wangapi kati ya hao 2,300 ni watu wanaoweza kununua? Ukibadilisha akaunti iwe ya biashara, ni bure, utaona kwenye takwimu zake wafuasi wako wako miji gani. Nimeshaona akaunti nyingi za wauza mchele ambazo nusu ya wafuasi ni wauza mchele wenzao wanachunguliana bei.

Kuna ugonjwa mmoja hapo lazima niuseme, "bei njoo inboksi". Mama, nakuomba sana uache kama unafanya. Najua kwa nini watu wanaficha bei, wanaogopa washindani, wanataka nafasi ya kupatana. Lakini mfikirie mtu wa Dodoma saa tatu usiku, amechoka, anataka kilo 25, anaona posti tatu za mchele, mbili zinasema njoo inboksi na moja imeandika bei pamoja na nauli ya basi. Atamwandikia nani? Mshindani wako bei yako anaijua tayari, mnanunua mashine moja. Anayefichwa ni mteja peke yake.

Na picha. Mchele mweupe ukiupiga picha kwenye kiroba cheupe chini ya taa ya dukani hauonekani kitu, ni ukungu tu. Chukua sinia jeusi au ungo, sogea karibu na mlango au dirisha mchana, zima taa, mwaga kiganja kimoja cha mchele, utandaze mpaka punje ziachane, sogeza simu karibu mpaka mtu aone urefu wa punje na aone kwamba chenga ni chache. Hiyo moja. Ya pili piga video fupi ya kupepeta, ile sauti ya ungo na pumba zinavyoruka, haina haja ya muziki. Ya tatu sufuria inafunuliwa wali unatoa mvuke. Chini andika hivi: "Mchele wa Kyela, umekobolewa wiki hii, umechambuliwa mawe. Kilo 25 ni shilingi kadhaa, nauli ya basi mpaka Dar ni kadhaa, ukilipa leo kabla ya saa tisa unapokea kesho." Andika na mwezi uliovunwa, kama ni mpya sema mpya, kama ni wa msimu uliopita sema, maana mpya unataka maji kidogo na mpishi anayejua atakuheshimu. Na kama ni wa Mbarali usiuite wa Kyela. Wengi wanafanya hivyo na wateja wa Dar wameshachoka kudanganywa, ukiwa wewe ndo unayesema ukweli kwenye kiroba hilo tu linatosha kuwa tangazo.

Haya, turudi kwa kijana wa tovuti. Alichokwambia kwamba bila tovuti huwezi kukua sio kweli, na kinachonisumbua zaidi ni kile ambacho hakukwambia. Tovuti ikishawekwa hewani haiiti mtu. Ni sawa na kufungua duka zuri la vioo kule ndani kabisa Isyesye, mbali na barabara, bila kibao. Watu watafika ukiwaelekeza. Google itaikuta baada ya muda, inatuma programu zake zinazotembea mtandaoni kusoma kurasa, lakini mtu akiandika "mchele wa Kyela" unashindana na kila aliyewahi kuandika habari za mchele huo, mpaka magazeti, na ukurasa mpya wa mama mmoja wa Mbeya hauwezi kukaa juu kwa sababu tu umelipia fundi. Akikuahidi kwamba utakuwa wa kwanza Google, hapo hapo muage kwa heshima. Hakuna fundi mwenye uwezo wa kuahidi hicho.

Ila na binti yako tumwambie, tovuti hazijapitwa na wakati. Ina vitu viwili ambavyo Instagram haina. Kimoja, inakaa pale pale. Bei, picha, jinsi ya kuagiza, namba ya TIN, viko sehemu moja, mtu hahitaji kushuka posti mia mbili kutafuta. Cha pili, anwani ni yako. Na hiki cha pili watu hawakielewi mpaka yawakute.

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, nakumbuka vizuri, kuanzia jioni saa kumi na mbili na ushee, Facebook, Instagram na WhatsApp vilizima dunia nzima kwa kama saa sita. Simu za kawaida zilikuwa zinapiga, tovuti nyingine zilifunguka, lakini mtu aliyekuwa na oda zake zote ndani ya WhatsApp na hajaandika namba ya mteja popote alikaa anaangalia simu tu. Hayo ya saa sita yanapita. Google nao walikuwa wanawapa wafanyabiashara vitovuti vidogo vya bure, vilivyounganishwa na ramani yao, watu wengi duniani wakavichapisha kwenye kadi za biashara, Machi 2024 wakavifunga. Hawakumwonea mtu, ni mali yao, wameamua kuacha. Ukijenga kwenye kiwanja cha mtu, siku akikihitaji anakichukua.

Na kuna wizi. Mteja wangu mmoja mshona nguo hapa mjini alipigiwa simu na mtu anajifanya ni wa huduma kwa wateja, akaombwa zile tarakimu 6 zilizoingia kwenye meseji, akazitaja. Ndani ya dakika kumi akaunti si yake, na mwizi akaanza kuwaambia wateja wake watume advansi ya sare za shule kwenye namba mpya. Tulihangaika wiki mbili na haikurudi. Kilichomuokoa ni daftari, lile la kaunta la kawaida, alikuwa anaandika namba ya kila mtu aliyepimwa, tukawatumia wote meseji ya kawaida kwamba hiyo sio yeye. Kwa hiyo mama, leo hii kabla hujafikiria tovuti, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp na ya Instagram uwashe uthibitisho wa hatua mbili, na zile tarakimu usimtajie mtu hata akikwambia anapiga kutoka wapi.

Lakini nisikudanganye kwamba tovuti haiibiwi wala haipotei. Inapotea, tena mara nyingi kwa mkono wa fundi mwenyewe hata bila kukusudia. Kuna mzee wa Mafinga anauza mbao na samani, alinifuata analia kabisa, tovuti yake imezima mwaka wa tatu. Nikaangalia, lile jina la anwani, yani domeini, lilikuwa limeandikishwa kwa jina la fundi, kwa imeili ya fundi, na fundi alishahama nchi na namba haipatikani. Domeini hailipiwi mara moja ikaisha, ni kama pango, unalipia kwa mwaka, usipolipia inarudi sokoni mtu mwingine anachukua. Na mzee hakuwa na karatasi hata moja inayoonyesha ni yake. Alikuwa amechora ile anwani kwenye gari lake la kusambazia, mlango wote. Tulianza upya na jina jingine.

Sasa hoteli. Hili nina uzoefu nalo maana nimewasaidia wauzaji wa viazi wa Njombe na wa parachichi wa Rungwe kwenye jambo hili hili. Mtu wa manunuzi wa hoteli anapokuomba wasifu na linki hatafuti ukurasa unaong'aa. Ana bosi juu yake, anataka kitu cha kumwonyesha bosi ili siku mchele usipofika asiambiwe "ulimtoa wapi huyu". Anataka jina lililoandikishwa, TIN, leseni, uwezo wako kwa mwezi ni kilo ngapi, bei ya jumla na muda inapodumu, unapeleka siku gani, unapokea malipo vipi, na namba ambayo mtu anapokea. Wewe ukamtumia Instagram, akakuta picha za wali na story imeisha muda. Hakuna alichoweza kuchapisha akaweka kwenye faili. Sidhani walikukataa, nadhani hawakujua wafanye nini na wewe. Ukurasa mmoja wa PDF ungefanya kazi kubwa kuliko tovuti ya 1,200,000. Tena waandikie tena, mwezi mmoja sio mrefu, wengi wanajibu mara ya pili.

Na usije ukadhani tovuti itakufungulia milango mingine ambayo funguo zake ni tofauti. Shule za serikali na taasisi za umma manunuzi yao yanapita kwenye mfumo wa NeST, ule wa serikali wa manunuzi mtandaoni, huko unajisajili, hawakutafuti Google. Supermaketi watakuuliza nembo ya ubora ya TBS na bakodi kwenye mfuko wako kwanza. Hivyo vyote vinaanzia kwenye jina la biashara, ambalo umesema hujaandikisha, na kwa kweli mama hapo ndo ningeanza kutoa hela.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Wiki hii ningehamia WhatsApp Business, ni bure, ilitoka mwaka 2018, unahama na namba yako na meseji zako. Ningeweka katalogi, kilo 5, 10, 25, kila moja picha na bei. Ningewawekea lebo wateja, huyu Dar, huyu Dodoma, huyu anachukua kila mwezi. Halafu wale 30, ningempigia mmoja mmoja, sio meseji, kupiga, nimuulize mchele ulipikika vipi na nimuombe aniseivu namba yangu kwa jina. Hilo la kuseivu lina sababu. Ukituma ujumbe kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp, unaweza kuweka mpaka watu 256 kwenye orodha moja, unamfikia tu yule ambaye ameseivu namba yako kwenye simu yake. Ambaye hajaseivu haupati, na wewe huambiwi. Nimekuta mtu anatuma ofa kila Ijumaa mwaka mzima na theluthi mbili ya orodha haijawahi kuona hata moja. Na hizo namba ziandike na pembeni, daftari au Excel, ila zitunze, ni taarifa za watu, kuna sheria ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi, usizigawe kwa mtu mwingine wala kumuunganisha mteja kwenye magrupu bila kumuuliza.

Baada ya hapo ningejiweka kwenye ramani ya Google. Nashangaa kijana hakukutajia hili, au pengine sishangai maana ni bure. Unafungua wasifu wa biashara, unaweka aina, saa za kazi, namba, picha, wao wanahakiki, siku hizi mara nyingi wanataka video fupi ya sehemu yako. Kama unafungia mzigo nyumbani na hutaki watu wajue nyumba, unaficha anwani unaonyesha tu maeneo unayohudumia. Kisha kila mteja anayesema "mchele wako mzuri sana mama" unamtumia linki aandike hapo. Maoni 15 ya kweli ya watu wa Dar na Dodoma yana nguvu kuliko ukurasa wowote nitakaokutengenezea mimi. Usinunue maoni ya uongo, yanajulikana.

Kisha ndo domeini. Ya .co.tz inapatikana kwa wasajili walioidhinishwa, zinasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, bei yake ni ya makumi ya maelfu kwa mwaka sio ya malaki. Andikisha kwa jina lako, imeili yako, namba yako. Weka ukurasa mmoja tu. Mmoja! Juu jina na picha ya lile sinia, chini bei za rejareja, chini bei za jumla, jinsi ya kutuma kwa basi na siku za kutuma, namba za usajili, na kitufe cha WhatsApp. Kitufe kinatengenezwa kwa linki ya wa.me/ ikifuatiwa na 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo, mtu akibonyeza anaingia moja kwa moja kukuandikia. Habari za kikapu cha kununulia na kulipa kwa kadi usiweke, watu wako watalipa kwa Lipa Namba na wanataka kusikia sauti kwanza kabla ya kutuma hela umbali wa mamia ya kilomita. Picha zipunguzwe uzito, picha moja ikitoka kwenye simu inaweza kuwa na MB 4, ukiweka kumi mteja mwenye bando la jero ameshakuacha. KB 150 kwa picha inatosha kabisa. Faida nyingine ya domeini ni imeili, oda@ jina lako, ambayo hoteli watatuma LPO (oda yao rasmi ya maandishi) huko badala ya kwenye inboksi ya Instagram iliyojaa emoji.

Ukurasa kama huo mwanafunzi mzuri wa kompyuta pale chuo kikuu cha MUST anaumaliza kwa siku mbili tatu. Kazi yote ukihesabu domeini, pango la sehemu ya kuiweka na ufundi, kwa ninavyozijua bei za hapa, isivuke robo ya ile uliyoambiwa. Zinazobaki nunua mpunga wakati wa mavuno, hapo ndo faida yako halisi inapokaa.

Instagram usifute, binti yako aishike, yeye ndo anaijua. Posti mbili kwa wiki zenye bei zinatosha, na weka ile domeini kwenye bio, yale maelezo ya juu ya akaunti, maana linki ukiiandika kwenye maelezo ya posti haibonyezeki. Kulipia kubusti, yani posti isukumwe kwa watu wengi zaidi, subiri kwanza. Ukibusti leo unampeleka mtu mahali ambapo hakuna bei wala usajili.

Wapo ambao ningewashauri kinyume, na nisiposema hapa wataiga jibu lako. Mwenye lodge Tukuyu au anayepeleka watalii Ruaha, huyo tovuti ndo iwe ya kwanza, kwa sababu mgeni wake yuko nje, anatafuta miezi kabla hajafika, anataka kusoma, kulinganisha, kuhakikisha. Mama wa chakula pale Kabwe au msusi wa Soweto hapa hapa Mbeya, huyo WhatsApp na ramani vinamtosha miaka mingi, mteja wake anatoka mtaa wa pili.

Kijana usigombane naye. Mwambie akuandikie kwenye karatasi, domeini ni shilingi ngapi na itakuwa kwa jina la nani, pango la mwaka ni shilingi ngapi na linalipwa kwa nani, paswedi zote utakabidhiwa lini, na siku ukitaka kuhamia kwa fundi mwingine utaondoka na nini. Akijibu vizuri na akakubali kazi ya ukurasa mmoja, mpe yeye, tusiwanyime vijana kazi. Akianza kuzunguka, umeshajua. Mkataba kabla hujasaini mpe mtu anayeelewa asome, na kama una nafasi pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Mbeya uongee nao ana kwa ana kuhusu kufungasha na njia ya TBS, hayo mambo ya vipimo na lebo za chakula sio ya kuulizia mtandaoni. Na ikitokea umeibiwa akaunti na mtu anaomba hela kwa jina lako, usikae unasubiri Instagram wajibu, watumie wateja meseji, kisha nenda polisi ukiwa na skrinishoti.

Jina sasa, maana umeligusa mwishoni na ndo linaloshika vyote hivi. Chagua jina fupi, linaloandikwa kama linavyotamkwa, mtu akilisikia kwenye simu aweze kuliandika bila kuuliza. Usiweke namba, usiweke mstari wa chini (_), na usiliite la Kyela peke yake kama una maharage na mchele wa Mbarali. Ukishapata matatu unayoyapenda, kaa na binti yako jioni moja, mfungue mfumo wa BRELA, wanaosajili majina ya biashara, mwangalie kama lipo wazi, mwangalie domeini, mwangalie Instagram, yote siku hiyo hiyo. Lile litakalokuwa wazi sehemu zote tatu lichukueni kesho yake asubuhi. Na kama mtu wa mifuko ameshakupa bei ya kuchapa mifuko 500 yenye jina la sasa, mwambie asubiri.